UZI: Kijana kamaliza kidato cha tatu Tanzania, huku Marekani wanasema hana krediti za sayansi. Kuna njia mbadala?

Kapuku_Ughaibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Niko jimbo la Washington, lile la juu kushoto kwenye ramani, si mji wa rais.

Mwezi wa kwanza nilimpokea mpwa wangu kutoka nyumbani. Ana miaka 17, kamaliza kidato cha tatu Desemba. Shule wamemweka darasa la 11, katikati ya mwaka wao. Juzi kaunsela kaniita, kanifungulia kompyuta na kunionyesha mistari myekundu. Jimbo hili linataka krediti 24, yaani pointi za kozi ulizomaliza, ili upate diploma ya sekondari, na sayansi peke yake ni krediti 3, mbili kati ya hizo lazima ziwe na maabara. Dogo wamemwandikia krediti 1 tu, "sayansi ya jumla", bila maabara.

Kwa hiyo anadaiwa mbili, zote za maabara, na amebakiza mwaka mmoja na nusu ambao tayari umejaa Kiingereza, historia ya Marekani na hesabu. Hii ni hati ya mtoto aliyesoma baiolojia, kemia na fizikia tangu kidato cha kwanza! Nimetoka pale kichwa kinauma.

Swali langu: hakuna mtihani wa kufuta hilo deni? Kozi za mtandaoni? Maana kaunsela kaniambia "tutaona", na mimi neno hilo nalijua tangu Bongo.

---

Mzee_wa_Shortcut

GED mkuu, cheti mbadala cha sekondari. Mitihani minne: hesabu, lugha, jamii na sayansi. Sayansi ni dakika 90 tu, wanakupa na kikokotoo. Kila mmoja ukifikisha 145 umemaliza. Kijana anaingia chuo, maisha yanasonga. Mnapenda kujitesa.

---

Kapuku_Ughaibuni

Mzee, hilo nililifikiria. Ila ana miaka 17, roho inasita.

---

Bwana_Pipeti

Acha isite, na usimsikilize huyo Mzee mpaka nimalize.

Mimi nilifundisha kemia nyumbani kabla sijaja huku, sasa hivi ni msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya wilaya nyingine jimbo hilohilo. Kesi ya dogo naiona kila mwaka, na kila mwaka familia inakimbilia kutafuta njia mbadala kabla ya kudai haki iliyopo mezani. Mkuu, mpwa wako hadaiwi krediti mbili. Kuna mtu hajapiga hesabu.

Tatizo liko hivi. Huku sayansi hupangwa kwa tabaka: mwaka huu baiolojia, mwaka ujao kemia, unaofuata fizikia. Kwetu zote tatu zinatembea sambamba, kidogokidogo, miaka minne. Sasa kaunsela akiangalia ripoti ya kidato cha pili anaona "baiolojia, vipindi vitatu kwa wiki", anasema hii haifikii kozi ya mwaka mzima. Anazibwaga zote kwenye kapu moja na kuliita sayansi ya jumla. Hana nia mbaya. Hajui tu.

Mfanyie hesabu mbele yake. Mwaka wa shule wa jimbo hili una siku 180. Kozi ya kila siku ya dakika 50 ni saa 150 kwa mwaka, na hiyo inampa mtoto krediti 1. Sasa njoo kwetu: tuchukue vipindi vitatu vya dakika 40, yaani saa mbili kwa wiki. Wiki 38 ni saa 76. Kidato cha pili na cha tatu pamoja ni saa 152. Kwa somo MOJA. Zidisha mara tatu.

Na kwa nini nataja cha pili na cha tatu tu: darasa la saba letu ni mwaka wa 7, kidato cha kwanza ni mwaka wa 8, ambao huku bado ni shule ya kati. Cha pili ni darasa la 9 lao, cha tatu ni la 10. Ukidai na kidato cha kwanza watakubishia, na utapoteza muda kwenye ugomvi usio na faida.

Lete vitu vifuatavyo: ripoti za mihula zenye muhuri, matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) ya kidato cha pili, ratiba ya vipindi iliyosainiwa na mkuu wa shule, na muhtasari wa somo kutoka Taasisi ya Elimu. Yote yako kwa Kiingereza tayari, hakuna haja ya mkalimani. Halafu omba kikao na mtu wa wilaya anayeshughulikia hati za nje, maana kaunsela peke yake mara nyingi hana kalamu ya kubadilisha.

---

Kapuku_Ughaibuni

Bwana Pipeti, nimesoma mara mbili. Hii ya saa 152 sikuwahi kuifikiria kabisa. Na maabara je? Hapo ndipo waliponikaba.

---

Bwana_Pipeti

Maabara ndiyo ngoma yenyewe, ila uzuri ni kwamba kanuni ya jimbo imeeleza maabara kwa upana kuliko watu wanavyodhani. Haisemi chumba chenye meza nyeupe na bomba la gesi. Inasema ni nafasi ya mwanafunzi kushughulika moja kwa moja na vitu halisi, au data inayotokana navyo, akitumia vifaa, mbinu za kukusanya data, modeli na nadharia za sayansi.

Ana daftari la praktiko? Lile la titresheni na kutambua chumvi? Lilipo, hilo ni dhahabu. Majedwali ya bureti aliyojaza kwa mkono wake, na tarehe, na tiki nyekundu ya mwalimu. Nimewahi kuona mwalimu wa sayansi wa huku analipekua daftari la namna hiyo, akasema "wangu hawaandiki hivi".

Lakini sema kweli. Kama fizikia walisoma kwa kuchora umeme ubaoni, usidanganye. Wakigundua moja wanatilia shaka zote.

---

Binti_wa_Bronx

Nikiwa New York nithibitishe hilo la maabara, maana huku ni balaa zaidi. Krediti 22, sayansi 3, na ili ukae kwenye mtihani wa jimbo wa sayansi, unaoitwa Regents, lazima uwe umefanya dakika 1,200 za maabara ya mikono, na ripoti zake ziwepo. Binamu yangu alisoma kozi yake vizuri, mada zote kichwani, lakini alihamia katikati ya mwaka na ripoti zake za shule ya zamani hazikuletwa. Siku ya mtihani jina halikuwepo. Akafidia dakika zile baada ya masomo, jioni kwa jioni, mpaka akazimaliza.

Kwa hiyo popote mlipo: ripoti za maabara msitupe. Hata zenye chai.

---

MamaJunior_TX

Wapendwa, Texas nasi tuna mambo yetu, nitaje kwa faida ya wengine watakaosoma.

Diploma ya kawaida hapa ni krediti 22, sayansi 3. Ukitaka ile ya kuongeza mkazo wa fani inapanda mpaka 26, na sayansi zinakuwa 4. Biolojia haikwepeki, maana ina mtihani wa jimbo ambao ni mmoja kati ya mitihani mitano ya kuhitimu.

Lakini kuna mlango ambao wazazi wengi hawaambiwi: kupata krediti kwa kufanya mtihani. Kama mtoto alishasoma somo hilo mahali, hata nje ya nchi, anafanya mtihani na akipata 70 anaandikiwa krediti. Kama hajawahi kulisoma darasani lazima afike 80. Mwanangu alikuja na kemia ya nyumbani wakaikataa. Nikaomba mtihani, akakaa, wakaandika. Mimi sikubishana na mtu.

Na wale wanaoanguka mtihani wa jimbo: ukifeli isiyozidi miwili kati ya ile mitano, kuna kamati ya mtoto binafsi, mwalimu, mkuu wa shule na mzazi ndani, inayoweza kumpa kazi ya ziada na kumpitisha. Ilianza kwa sheria ya 2015. Wewe mzazi ni mjumbe, kwa hiyo nenda.

---

Kapuku_Ughaibuni

Dada ubarikiwe. Huku Washington hakuna mtihani wa namna hiyo?

---

Bwana_Pipeti

Wa jimbo kwa ajili ya kuhitimu hakuna tena kwenye sayansi. Zamani kulikuwa na sharti la mtihani wa biolojia, likafutwa 2017. Sasa hivi wanafanya mtihani wa sayansi darasa la 11, lakini haumzuii mtu kuhitimu. Njia za kuhitimu wanazoimba siku hizi, nyingi zinahusu hesabu na lugha. Kwa sayansi deni ni la krediti tu, na hapo ndipo nafuu yenu ilipo.

Wilaya zinaweza kutoa krediti kwa kuonyesha umahiri, ila si zote zina utaratibu wa kufanya hivyo kwa sayansi. Uliza kwa maandishi.

Tahadhari moja: watakuambia wilaya inaweza kusamehe mpaka krediti 2 kwa sababu ya mazingira ya mwanafunzi. Ni kweli. Lakini msamaha huo hauzigusi zile 17 za msingi, na sayansi zote 3 zimo humo. Nimeona wazazi wanashangilia msamaha, wanarudi mwezi wa tano wanalia.

---

Jirani_Mwema

Kwani hawezi kuombewa IEP, ule mpango maalumu wa masomo? Nasikia mwenye IEP wanamlegezea masharti.

---

MamaJunior_TX

Jirani, hapana. IEP ni ya mtoto mwenye ulemavu. Sheria ya nchi nzima inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu kwa sababu tu Kiingereza hakijakaa sawa. Mwanangu mdogo anayo kwa sababu ana tatizo la kusikia, na tuliitolea jasho. Ugeni na lugha visiitwe ulemavu, mtoto anabaki na hilo jina shuleni.

---

Jirani_Mwema

Nimeelewa dada, samahani. Niliuliza tu.

---

Robo_Tatu

Mimi ni mwanafunzi, niko Washington, mjomba naomba nichangie. Mwambie aangalie Running Start. Darasa la 11 na 12 unasoma masomo ya chuo, mara nyingi chuo cha jamii, ada ya masomo hulipi, na krediti zinahesabika sekondari NA chuoni.

Hesabu yake ni tamu: krediti 5 za chuo kwa mfumo wa robo ni sawa na krediti 1 ya sekondari. Kozi ya biolojia yenye maabara kwa kawaida ndiyo hizo 5. Yaani robo moja, wiki kumi na kitu, unamaliza kile ambacho wenzako wanakimaliza kwa mwaka. Mimi nimefuta kemia hivyo. Na ukifika mpaka ile digrii ya miaka miwili, unaweza kuandika barua ukaomba diploma ya sekondari kwa msingi huo.

Ubaya wake sasa. Alama za chuo hazifutiki, F ya ukiwa na miaka 17 itakufuata. Vitabu na nauli ni juu yako, ingawa kwa wenye kipato kidogo kuna msaada. Na mhadhiri hakusubiri. Kama Kiingereza cha dogo bado kinapanda, asianze na kozi yenye ripoti ya maabara kila wiki. Mimi nilizaliwa huku na bado nililia chooni wiki ya tatu.

---

Kapuku_Ughaibuni

Hahaha pole binti. Umenisaidia sana. Kusoma anasoma vizuri, ila kuandika ndefu bado.

---

Mzee_wa_Shortcut

Bado nasema GED. Yote haya ya nini?

---

Bwana_Pipeti

Mzee, GED naiheshimu. Mke wangu aliipata akiwa na miaka 34, ikamfungulia chuo cha uuguzi. Kwa mtu mzima mwenye kazi na watoto ni njia ya maana. Lakini kwa wa 17 unamwondoa kwenye shule ya bure, yenye kocha, kaunsela, chakula cha mchana na darasa la lugha, ili awahi nini? Jimbo hili linamruhusu kusoma bure mpaka miaka 21. Akihitaji mwaka wa ziada, aukae. Sisi ndio tunaona aibu ya mwaka wa ziada, wao hawajali.

---

Kiungo_Mkabaji

Umetaja kocha, nami niingie hapo. Dogo anacheza mpira?

---

Kapuku_Ughaibuni

Anacheza balaa. Winga.

---

Kiungo_Mkabaji

Basi simamisheni kila kitu msome hapa. Kama ana ndoto ya kucheza chuo, NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wana orodha yao, na hawaangalii jimbo limekubali nini. Kwa daraja la kwanza ni kozi 16 za msingi, mbili kati yake sayansi ya asili, na maabara kama shule inatoa. Kozi 10 kati ya hizo ziwe zimekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla ya kuanza mwaka wa mwisho.

Wachezaji wengi wanaumia kwenye zile kozi za mtandaoni za kufidia, za kubofyabofya. Shule inazikubali, diploma unapewa, NCAA wanazikataa kwa sababu hakuna mwalimu anayewasiliana na mwanafunzi kwa utaratibu. Kabla hajajiandikisha kozi yoyote, ingieni kwenye orodha ya kozi zilizoidhinishwa za shule yake. Mimi nilijua hili nikiwa na barua ya kocha mkononi. Barua ninayo mpaka leo.

---

Shangazi_wa_Kaskazini

Poleni na majukumu. Niko Minnesota. Msisahau masomo ya ufundi. Hapa kwetu sayansi ni krediti 3: biolojia lazima, na kozi ya ufundi inayokidhi viwango inaweza kuhesabiwa mahali pa kemia au fizikia. Binti yangu kapitia huko, anaongea habari za udongo na naitrojeni kuliko baba yake mwenye digrii ya kilimo.

Washington nao nadhani wanayo.

---

Bwana_Pipeti

Wanayo, tena nzuri. Huku wanaita mbili kwa moja. Kozi ya ufundi iliyopewa ulinganifu na sayansi ya maabara, tuseme ya mimea au ya kilimo, inatimiza sharti la ufundi na la sayansi kwa mpigo. Krediti inayoandikwa ni moja, kwa hiyo 24 bado anazihitaji, lakini nafasi moja kwenye ratiba imefunguka. Na ratiba ndiyo inayomkaba dogo.

Tena sayansi ya tatu, ambayo haidai maabara, mwanafunzi anaichagua kulingana na mpango wake wa baadaye, mzazi akikubali.

Halafu Kapuku, nimekumbuka kitu ambacho nilipaswa kukisema mwanzo kabisa. Dogo anaongea Kiswahili!

---

Kapuku_Ughaibuni

Anaongea mpaka usingizini. Kwani vipi?

---

Bwana_Pipeti

Jimbo lina krediti za lugha kwa kuonyesha umahiri. Anafanya mtihani wa kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, anaweza kuondoka na mpaka krediti 4 za lugha za dunia. Nne! Kaunsela kamwekea Kihispania mwaka huu?

---

Kapuku_Ughaibuni

Kihispania cha kwanza. Kila siku saa nne asubuhi. Weee.

---

Bwana_Pipeti

Basi hicho kipindi ndicho kipindi chako cha sayansi.

---

Kapuku_Ughaibuni

Wakuu, narudi baada ya wiki sita, najua nilipotea. Mrejesho.

Daftari lilipatikana. Lilikuwa kwa mama yake mdogo, limefunikia debe la unga. Kapiga picha kurasa zote, kazituma usiku. Mkuu wa shule ya nyumbani naye katoa ratiba yenye muhuri, baada ya kusumbuana siku nyingi kwenye simu.

Kikao tumekaa na mama mmoja wa wilaya, mpole, hakuwa anajua kabisa kwamba kwetu masomo matatu yanaenda pamoja. Nilipomwekea ile hesabu ya 150 na 152 alinyamaza, akachukua kalamu, akaipiga mwenyewe upya. Akasema "endelea".

Matokeo: baiolojia krediti 1 bila maabara, maana daftari lake lina michoro mitupu ya majani. Kemia krediti 1 NA maabara, titresheni zimemwokoa. Fizikia nilisema ukweli kwamba praktiko hawakufanya, wameiweka kama krediti ya hiari, haihesabiki kwenye sayansi ila imo kwenye 24. Ile "sayansi ya jumla" wameifuta.

Imebaki moja ya maabara. Septemba anaingia sayansi ya mimea, ile ya mbili kwa moja, kwenye kipindi kilichokuwa cha Kihispania. Nimeangalia orodha ya NCAA kama Kiungo alivyosema: kozi hiyo haimo, ila wao wanataka mbili na tunapeleka baiolojia na kemia ya nyumbani wazikague wenyewe. Hapo bado tunasubiri.

---

Kiungo_Mkabaji

Safi. Hati za nje watazidai, anza kuziagiza nyumbani sasa hivi.

---

Shangazi_wa_Kaskazini

Hongera baba. Na ule mtihani wa Kiswahili?

---

Kapuku_Ughaibuni

Kafanya Ijumaa, majibu bado. Kuongea anasema alimaliza akiwa anacheka. Kwenye kuandika walitaka insha, akaanza "xaxa", akafuta, akaandika "sasa", akafikiria dakika nzima. Anasema jasho lililomtoka pale hata kwenye titresheni hakuliona.

---

Bwana_Pipeti

Mwambie x wanaipokea huku kwenye hesabu tu.